Maneno ya Wagonjwa na Maneno ya Hojaji: Kiswahili cha Utafiti wa Magonjwa katika Mkoa wa Mara

Utafiti wa magonjwa ufanywao katika Tanzania hupita katika lugha mara mbili kabla haujawa elimu. Kwanza huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya wataalamu na ya wale watoao fedha. Kisha karatasi ya ridhaa pamoja na orodha ya maswali, ambayo siku hizi huitwa hojaji au dodoso, hufasiriwa kwa Kiswahili ili mgonjwa apate kusomewa. Majibu yake hugeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu hizo hurudi katika Kiingereza. Majarida ya tiba huchapa idadi ya wagonjwa, umri wao, kiasi cha dawa waliyopewa na hesabu iliyotumika kuwalinganisha. Sentensi ya Kiswahili ambayo kwayo mgonjwa aliulizwa aghalabu haichapwi. Wanachuoni wa Kiswahili nao hawana la kujivunia katika jambo hili. Wamehakiki tenzi, riwaya na tamthilia kwa bidii ya kusifiwa, walakini karatasi ya ridhaa, ambayo husomwa kwa sauti mbele ya watu wengi wasiopata kufungua riwaya hata moja, imeachwa kana kwamba si nathari.

Ni nathari, na yapasa ihakikiwe kwa ukali kuliko nyingine, maana kosa lake si la urembo tu. Pale ambapo utafiti hulinganisha makundi ya wagonjwa, kama vile wavuvi na wakulima, wazee na wanafunzi, wake na waume, hojaji ni sehemu ya kipimo sawasawa na darubini na mizani. Mwenye duka atumiaye jiwe zito kwa mnunuzi mmoja na jiwe jepesi kwa mwingine hawezi kusema nani amenunua zaidi. Neno la Kiswahili ambalo kundi moja lalijua kwa maana hii na kundi la pili lalijua kwa maana ile huzaa tofauti ambayo imo katika lugha wala haimo katika miili ya watu. Na tofauti hiyo ikiisha kuingia katika jedwali, ni vigumu kwa hesabu yoyote kuitoa tena.

Mkoa wa Mara wafaa sana kwa kuonyesha jambo hili. Barabara itokayo Mwanza hupita Bunda, mji wa soko ambako Wajita, Waikizu, Wasukuma na Wakurya hukutana. Mbele yake ni Musoma, mji wa bandari na wa samaki katika nchi ya Wakwaya, Waruri na Wajita, ambako Wajaluo nao si wachache. Na bara, upande wa kusini-mashariki ya Musoma, ipo Butiama ya Wazanaki. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi, ya soko na ya ibada katika sehemu zote hizi, lakini kwa wazee wengi ni lugha ya pili, pengine ya tatu. Mwanafunzi wa Bunda ana Kiswahili cha kitabu. Mvuvi wa Musoma ana Kiswahili cha mwaloni, chepesi, chenye maneno mengi ya kazi na ya biashara. Bibi kizee wa Butiama ana Kiswahili cha kanisani na cha mikutano ya kijiji, na mambo ya mwili wake huyasema kwa Kizanaki. Watu watatu hawa huitwa kwa jina moja, wasemaji wa Kiswahili, na hojaji moja hudhaniwa kuwatosha wote.

Wala nchi hizi zizungukazo ziwa si ngeni katika elimu ya tiba. Mwaka 1949 ulianza uchunguzi wa afya wa Afrika Mashariki ambao makao yake yalikuwa Mwanza, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuyachunguza matende, ugonjwa ambao vijidudu vyake huonekana katika damu wakati wa usiku, hata damu ikapasa kutolewa usiku. Tangu mwaka 1977 mpaka 1982, katika Mara ya Kaskazini, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilisimamia kazi ya kuwagawia watoto wa chini ya miaka 10 vidonge vya klorokwini kila baada ya majuma mawili, ili ijulikane kama kuipunguza malaria kutaupunguza ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa Uganda. Uvimbe ulipungua, lakini ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kabla vidonge havijagawiwa, na malaria yenyewe baada ya kushuka ilipanda tena, basi jibu likabaki nusu. Kazi hizi zimewafaa walimwengu, na hapana sababu ya kuzibeza. Kinachotakiwa hapa ni kuuliza jambo moja tu: watu walioulizwa walisikia nini?

Na tuanzie katika kichocho, maana ndicho ugonjwa wa ziwa hasa. Katika pwani ya Bahari ya Hindi kichocho ni ugonjwa wa kukojoa damu, na maana hiyo ndiyo iliyozoeleka katika vinywa vya watu. Minyoo iuletayo ugonjwa huo hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Lakini kandokando ya Ziwa Viktoria kichocho kilichoenea ni cha namna ya pili. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya utumbo, mayai yake hutoka pamoja na haja kubwa, na mgonjwa aliyekaa nacho miaka mingi huvimba ini, bandama na tumbo zima. Waganga wa hospitali hukiita kichocho cha tumbo, nao hawakosei. Illa jina hilo limetoka kwao kwenda kwa watu, halikutoka kwa watu kwenda kwao.

Basi mwuliza maswali amwulizapo mvuvi wa Musoma, "Je, umepata kuugua kichocho?", mvuvi ambaye hajaona damu katika mkojo wake hujibu hapana, naye hasemi uongo. Mwanafunzi wa Bunda aliyefundishwa darasani kwamba vichocho ni viwili, akakumbuka na dawa aliyomezeshwa shuleni, hujibu ndiyo. Jedwali litaonyesha kwamba wanafunzi wameugua kuliko wavuvi. Mwenye hesabu ataitafuta sababu katika maji, katika konokono, katika umri na katika saa ambazo kila kundi hukaa ziwani, hali sababu yenyewe imo katika kitabu cha sayansi cha shule ya msingi.

Huenda ikasemwa kwamba katika ugonjwa huu ulimi wa mgonjwa hauna kazi, kwa kuwa kinyesi kidogo hutandazwa juu ya kioo na mayai yakahesabiwa kwa darubini. Ni kweli, na hiyo ndiyo sifa ya vipimo visivyosema. Hata dawa ya prazikwanteli yaweza kugawiwa shuleni kwa ufito wenye alama: mtoto husimamishwa kando yake, kimo chake kikasomwa, na idadi ya vidonge ikajulikana bila swali hata moja. Lakini nani atakuja kupimwa, ameugua tangu lini, alipata dawa gani kabla ya hapo, na je, alikunywa au aliitupa? Hayo yote hayaonekani katika kioo, nayo hupatikana kwa maneno tu.

Dawa ya kosa hili yaonekana nyepesi, yaani kuuliza dalili badala ya kuuliza jina. Lakini hapo nako pana mtego. Swali "Umepata kuona damu katika choo?" lina neno lenye nyuso mbili, maana choo ni kile kimtokacho mtu na ni kile kibanda vilevile. Mfasiri mwangalifu huandika "haja kubwa", na hivyo huokoa maana na heshima kwa pamoja. Heshima si jambo la kando. Kichocho huweza kushika hata viungo vya uzazi vya wanawake, na watafiti wa Mwanza wamefanya kazi kubwa juu ya jambo hilo kwa ajili ya uhusiano wake na virusi vya Ukimwi. Maswali yake ni juu ya mambo ambayo kijana wa kiume, baada ya kumwamkia mama wa rika la mama yake "shikamoo", hana ulimi wa kuyatamka, na mama huyo hana uso wa kuyajibu. Hojaji yaweza kufasiriwa sawasawa, neno kwa neno, likawa swali lisiloulizika. Mama atasema hapana ili mazungumzo yaishe, na mwuliza maswali, ambaye naye ametokwa na jasho, ataandika hapana kwa furaha. Kwa msichana aliyezoea somo la afya shuleni hali ni nyingine. Hivyo tena umri wa mgonjwa huonekana kuwa sababu ya ugonjwa, kumbe ni sababu ya jibu.

Kuna jina la ugonjwa ambalo ni kali zaidi, maana ndani yake mna hukumu. Kwa miaka mingi kaswende, kisonono na wenzake yaliitwa magonjwa ya zinaa. Zinaa ni neno la sheria ya dini. Ni tendo la dhambi la wasiooana. Mke wa ndoa asiyejua mume mwingine, akiulizwa kama amepata kuugua ugonjwa wa zinaa, haulizwi habari ya mwili wake bali habari ya mwenendo wake, na jibu lake lajulikana kabla hajafumbua kinywa. Yafaa ikumbukwe kwamba utafiti mmoja mashuhuri kuliko yote ya Kanda ya Ziwa ulihusu magonjwa hayo hasa. Ulifanyika katika Mkoa wa Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994, katika jumuiya 12 zilizolinganishwa mbilimbili, ukaonyesha kwamba mahali magonjwa hayo yalipotibiwa vizuri maambukizo mapya ya virusi vya Ukimwi yalipungua kwa kadiri ya asilimia 40. Matokeo hayo yalisimama juu ya vipimo vya damu, wala hayakutegemea jina. Lakini katika uchunguzi mdogo usio na maabara, ambao hutegemea ulimi peke yake, jina kama hilo hutenga wenye ndoa na wasio na ndoa hata kabla ugonjwa haujawatenga. Wale walioanza kuandika "magonjwa ya ngono" au "magonjwa yatokanayo na kujamiiana" hawakufanya adabu ya maneno tu, walirekebisha kipimo.

Kwamba hofu hii si ya kubuni yathibitishwa na pwani, katika Bagamoyo, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani wala si ya shule. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 juu ya majina ya homa ulionyesha kwamba degedege, ambayo kwa mganga wa hospitali aghalabu ni malaria kali iliyompanda mtoto kichwani, kwa watu wengi ilikuwa ugonjwa mbali na malaria, wenye asili yake na matibabu yake, na mahali pake pa kwanza palikuwa kwa mganga wa kienyeji. Mzazi wa Bagamoyo aliyesema kwamba mtoto wake hakufa kwa malaria bali kwa degedege alikuwa akisema kweli kwa Kiswahili safi. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa wenye lugha, itakuwaje kwa Mzanaki na Mkurya, ambao wana majina yao ya homa, na ambao huyapandikiza majina hayo juu ya maneno ya Kiswahili waliyoyapata shuleni au sokoni? Jambo hili halijashughulikiwa kwa kadiri listahilivyo.

Yaliyosemwa mpaka hapa ni habari ya hojaji. Karatasi ya ridhaa ina makosa ya namna nyingine, kwa kuwa hiyo haikusudii kupata habari bali kutoa habari. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964 imekuwa desturi ya ulimwengu kwamba mtu asitiwe katika utafiti bila kuelezwa, na katika Tanzania karatasi hiyo yapasa iwepo kwa Kiswahili. Jambo la kutajwa kwa sifa ni kwamba Kiswahili kilitangulia katika adabu: Azimio lenyewe lilibadilishwa mwaka 2024 ili mtu anayefanyiwa utafiti aitwe mshiriki, na karatasi za Kiswahili zilikuwa zimekwisha kumwita hivyo. (Wajuzi wa asili ya maneno watatabasamu wakikumbuka kwamba shina hilohilo limetupa ushirikina, lakini lugha haioni haya kwa ndugu zake.) Hali kadhalika ni vizuri kwamba karatasi nyingi, zikitaja mililita 5 za damu, huongeza kwamba hicho ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Hapo mwandishi amemwona msomaji wake.

Mara nyingi hamwoni. Mathalani lipo neno la kueleza kwamba mgonjwa atawekwa katika kundi hili au lile bila daktari wala mgonjwa kuchagua. Karatasi nyingi husema "kwa bahati nasibu". Bahati nasibu katika maisha ya Mtanzania ni mchezo wa tikiti na zawadi. Ilikuwapo Bahati Nasibu ya Taifa, na watu waliisubiri ili washinde. Mgonjwa asikiaye kwamba kundi lake litapatikana kwa bahati nasibu husikia kwamba kuna washindi na walioshindwa, na ya kwamba dawa mpya ndiyo zawadi. Lakini utafiti hufanywa kwa sababu haijulikani kama dawa mpya ni bora. Ingejulikana, pasingekuwa na haja ya kugawa makundi. Wengine, wakikimbia neno hilo, huandika "bila mpangilio maalumu", na hilo ni baya zaidi, maana mgawanyo huo ni mpangilio mkali kuliko wote. Neno lenyewe la kale lilikuwapo, nalo ni kura. Kabla kura haijawa ya uchaguzi ilikuwa njia ya kugawana vitu kwa haki pasipo mtu kupendelewa, na maana hiyo ingali hai. Mwandishi angetumia maneno machache tu kuitofautisha na kura ya kumchagua mbunge, akawa amesema ukweli wote: si zawadi, si ovyo, na hapana aliyependelewa.

Mfano mwingine waonyesha jinsi kiambishi kimoja kiwezavyo kubeba haki ya mtu. Karatasi husema kwamba mgonjwa ameingia "kwa kujitolea", na mstari ufuatao husema kwamba anaweza "kujitoa" wakati wowote. Kati ya kujitolea na kujitoa pana silabi moja tu, ile -le- ya hali ya kutendea, nayo ndiyo itenganishayo kuingia na kutoka. Zaidi ya hayo, kujitoa kwenyewe si kutoka tu; mtu aliyejitoa mhanga hakuondoka, bali ameingia mpaka mwisho. Msemaji wa Kiswahili tangu utotoni huvuka mahali hapo bila kujikwaa. Msikilizaji wa Butiama, asomewaye haraka na mtu mwenye karatasi nyingine 12 za kumaliza kabla ya jua kuchwa, aweza kutoka pale akiamini kwamba ameahidi mara mbili. "Ukichoka, acha, hakuna atakayekuuliza, na matibabu yako hayatapungua" ni Kiswahili kilichokuwapo siku zote, na chafahamika Musoma, Bunda na Butiama.

Maneno mengine yaweza kupitwa kwa haraka. "Hakuna faida ya moja kwa moja" ni Kiingereza kilichovaa kanzu; kwa wengi moja kwa moja ni kwa kudumu, na kwa mchuuzi wa Bunda faida ni fedha iliyozidi mtaji. "Dawa bandia", likitumika kwa kidonge kisicho na dawa ambacho hupewa kundi la kulinganisha, humtia mtafiti katika safu moja na wale ambao serikali huwakamata madukani. "Taarifa zako zitakuwa siri" hulenga kumtuliza mtu, na pengine humtia shaka.

Shaka hiyo ina historia. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 tayari ilikuwa na neno mumiani, pamoja na habari kwamba watu waliamini dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Na Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya Afrika Mashariki juu ya watu waliosemwa kuvizia damu ya wenzao. Si ajabu kwamba wachunguzi wa hospitali waliotembea usiku na sindano walitazamwa kwa jicho hilo. Mwandishi wa karatasi ya ridhaa aandikaye "utachukuliwa damu" bila kusema itakwenda wapi, itapimwa nini na iliyobaki itafanywaje, hawezi kuwalaumu watu wa kijijini kwa kuijazia sentensi aliyoiacha wazi.

Hata jina la kazi yenyewe halijatulia. Taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 huitwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na taasisi ya lugha, kabla ya mwaka 2009, iliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Wasomi waliacha uchunguzi wakashika utafiti, lakini hospitali haikuuacha: mgonjwa hufanyiwa uchunguzi ili ajulikane anaumwa nini na atibiwe. Hivyo mtu aliyeambiwa "tunafanya uchunguzi wa shinikizo la damu" huamini kwamba anachunguzwa yeye, kwa ajili yake yeye, naye hutoa mkono. Hakudanganywa kwa makusudi. Amedanganywa na neno.

Wenye utafiti wanayo kinga yao dhidi ya makosa haya, nayo ni fasiri ya kurudi. Mtu mmoja hufasiri karatasi kwa Kiswahili; wa pili, ambaye hajaiona asili, hufasiri Kiswahili hicho kwa Kiingereza; maandiko mawili ya Kiingereza yakifanana, kazi hukubaliwa. Njia hii hufichua usahaulifu na uzembe, na si ya kudharauliwa. Lakini haiwezi kufichua makosa yaliyotajwa hapa hata moja. Mfasiri wa pili ni msomi kama wa kwanza. Akiona "bahati nasibu" katika karatasi ya tiba hujua mara moja neno la Kiingereza lililokusudiwa, akalirudisha salama. Akiona "kichocho" huandika jina la kitabu. Maandiko mawili yafanana kwa sababu watu wawili waliofundishwa pamoja wameelewana juu ya kichwa cha mtu wa tatu. Fasiri ya kurudi hupima Kiswahili kwa Kiingereza. Haipimi Kiswahili kwa mvuvi.

Mtu mmoja wa Butiama alijua tofauti hiyo. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, hakuwaita wafanyabiashara wa Venisi wafanyabiashara. Neno mabepari lingerudi kwa Kiingereza likiwa neno jingine kabisa, na mkaguzi wa fasiri ya kurudi angelifuta kwa wino mwekundu. Yaweza kubishaniwa kwamba ndani ya chaguo hilo mlikuwa na siasa. Ilikuwamo, na karatasi ya tiba haina ruhusa ya namna hiyo. Lakini mfasiri alianza na lile lililokuwa tayari katika vichwa vya wasikilizaji wake.

Mahali pengine hata neno jema halitoshi. Selimundu ni neno jema: limeungwa kwa seli na mundu, nalo laonyesha chembe nyekundu ya damu iliyopinda kama mundu wa mkulima. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako umeenea sana. Kwa hiyo hojaji huuliza habari za baba, mama na ndugu. Ndugu, kwanza, ni neno pana: ni wa tumbo moja, ni wa ukoo, na katika nchi iliyopita katika siasa ya ujamaa ni kila raia mwema. Lakini neno baba katika Mara lataka uangalifu zaidi. Wakurya na baadhi ya majirani zao wana desturi ya nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke, aghalabu asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa mahari na kuoa mke ili apate watoto wa nyumba yake. Watoto hao ni wake kwa jina na kwa urithi, na mwanamume aliyewazaa hana haki juu yao. Mtu aliyezaliwa katika nyumba hiyo akijibu swali la "baba" kwa jamii, amejibu kweli. Akijibu kwa damu, huenda amevunja heshima ya nyumba yake mbele ya mgeni. Hojaji iliyofasiriwa Dar es Salaam haijui kwamba imeuliza maswali mawili kwa neno moja.

Ni nani basi aliye na habari hizi zote? Ni yule mwuliza maswali mwenyewe, muuguzi au kijana wa kidato cha nne aliyeajiriwa kwa miezi mitatu. Akiisoma karatasi mbele ya bibi wa Butiama na kuona kwamba bibi hafahamu, haendelei kusoma. Huiweka chini, akasema kwa Kizanaki. Huko Majita husema kwa Kijita, na mwaloni Musoma huchanganya Kiswahili na Kijaluo kadiri ya mtu aliye mbele yake. Huongeza mfano, huacha sentensi iliyo ngumu, hujibu swali ambalo karatasi haikulitazamia, kisha bibi hutia dole gumba. Andiko lililoidhinishwa na kamati, likasahihishwa na kupigwa mhuri, silo alilolisikia. Alilolisikia lilitungwa hapohapo, halikuandikwa, na lilitofautiana na lile aliloambiwa jirani yake. Katika andiko hilo la mdomo ndimo mnamopatikana maneno bora, kwa kuwa limejaribiwa kwa uso wa msikilizaji; na ndimo mnamoweza kuingia ahadi ambazo hapana mtu aliyezitoa, kwa mfano kwamba dawa hii itaponya.

Wanachuoni wa fasihi simulizi wanajua jinsi ya kushughulikia andiko la namna hiyo. Wamekwisha kurekodi hadithi, nyimbo za arusi na majigambo, wakaandika kila badiliko la msimulizi kutoka baraza moja hadi jingine. Usomaji wa ridhaa haujarekodiwa kwa bidii hiyo, ingawa wahusika wake wangeweza kuombwa idhini pamoja na ile nyingine waombwayo. Rekodi 20 kutoka kila mmoja wa miji hii mitatu, zikilinganishwa na karatasi iliyoidhinishwa, zingeonyesha ni maneno gani wauliza maswali huyaacha daima, na ni gani huyaweka mahali pake. Orodha hiyo ingefaa kupelekwa kwanza kwa wale waandikao hojaji, kabla ya kupelekwa kwa watunga kamusi.